Sikio la Mwanangu Kwenye Picha za Watoto wa Watu

Kwa Ndugu Wakubwa mliotengeneza programu ya madokezo iliyo kwenye simu ya kazini kwetu,

Sasa hivi, kabla sijaanza kuwaandikia, mwanangu amepaka ndizi iliyopondwa kwenye kona ya juu kulia ya simu. Ameibandika kwa kidole kimoja, bila kusoma maelekezo, akaondoka zake kwa kutambaa. Ndizi imekaa. Nimeigeuza simu juu chini, nimeitikisa, ndizi iko palepale. Nikasema moyoni, basi leo naandika, maana mtoto ambaye meno yake bado yanahesabika amefanya kwa ndizi jambo ambalo ninyi na kompyuta zenu zote mmeshindwa kulifanya kwa picha.

Poleni na kazi. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulea watoto wadogo, chumba cha wanaotambaa. Shule sikwenda mbali, lakini kusoma nasoma, na simu naimudu kuliko wenzangu, ndiyo maana mwenye kituo alinitoa kwenye kufua akanipa kazi ya kurasa. Kila jioni mzazi hupelekewa ukurasa mmoja: mtoto amekula nini, amelala vipi, amejisaidiaje, amemng'ata nani. Juu pembeni, picha yake ya siku hiyo. Ili nisianze upya kila mara, nilitengeneza kwenye programu yenu kiolezo, yaani ukurasa mama, unaozaa kurasa zingine zote zikiwa na mistari na vichwa vyake tayari. Kuzaa anazaa, sikatai. Ila malalamiko yangu ni haya.

1. Picha haikai inapowekwa. Naiweka juu kulia, ndogo, inapendeza. Nikiandika "amelala", inashuka kidogo. Nikiandika "amelala lakini kwa vita", inashuka tena. Kadiri mtoto anavyokuwa na mambo mengi ndivyo uso wake unavyozidi kwenda chini. Kuna mmoja juzi tumbo lilimsumbua, na mambo ya tumbo hayaelezeki kwa neno moja, basi nilipomaliza, uso wake ulikuwa umefika mwisho wa ukurasa, mahali pa sahihi yangu, anatabasamu, kana kwamba ndiye aliyeandika taarifa na anaisimamia.

2. Ukubwa. Picha inayotoka kwangu ikiwa kama stempu inafika kwa mzazi kama bango la mgombea. Siku nyingine kinyume. Mama wa mapacha alipokea mmoja amejaa ukurasa mzima na mwenzake kama punje ya maharage. Akaja getini asubuhi, hakusalimu, akauliza, "Huyu mnamlisha, na huyu mnamwonyesha chakula tu?" Nikamweleza habari za programu. Akasema yeye hakumwacha mtoto wake na programu.

3. Hili ndilo zito. Nilipokuwa natengeneza ukurasa mama nilitaka kuona kama kichwa cha mtoto kinaenea pale kwenye kona. Kichwa kilichokuwa karibu kilikuwa cha mwanangu. Nikambandika kama mfano tu, jinsi fundi cherehani anavyojaribishia nguo kwa yeyote aliyesimama jirani. Tangu hapo kila ukurasa unaozaliwa unazaliwa naye. Nikimfuta kwenye ukurasa wa huyu, yumo kwenye wa yule. Nikimfuta kwenye zote leo, kesho nikifungua mpya, huyo hapo, kama shemeji aliyeagwa mlangoni akaingilia dirishani. Nikiweka picha ya mtoto mwenye ukurasa, mwanangu hatoki, anasogea nyuma tu kama mtu mwenye adabu, na sikio moja na nusu ya jicho vinabaki vinachungulia. Watoto wote wa chumba changu sasa wana masikio matatu. Hata barua hii naiandika humohumo kwenye programu yenu, kwa hiyo mkimwona mtu pembeni, ndiye. Tunamwita Meneja, kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila kupita akikagua za wenzake. Anawasalimu.

4. Maneno yameingia kwenye nyumba za watu. Baba wa mtoto mmoja, fundi wa majokofu, mtu mpole asiyemwudhi hata mbu, alimwonyesha mama yake mzazi ukurasa wa mjukuu. Bibi akavaa miwani, akamruka mjukuu, akamtazama Meneja, akasema, "Hizi nyusi ni za kwetu." Mke wa fundi alikuwa amesimama hapohapo. Kesho yake fundi alikuja kituoni na picha yake mwenyewe ya utotoni, akaniomba nimsaidie kuona tofauti. Nilijitahidi kuiona. Maneno hayana miguu lakini hutembea, yakafika hadi kwangu. Mume wangu ni mpaka rangi, hana wivu, ila siku hizi wakati wa chakula anamtazama Meneja usoni kama anayetafuta mahali brashi iliporuka. Nikamwambia, baba Meneja, nyusi ni zangu. Akasema anajua, anatazama tu. Naomba ofisi yenu imwandikie, kwa karatasi yenye mhuri, kwamba mtoto alifika kwenye ukurasa wa fundi kwa njia ya programu na si kwa njia nyingine yoyote.

5. Mwenye kituo aliniita kwenye stoo ya magodoro. Yeye hagombi kwa sauti, anagomba kwa kunong'ona, ndiyo maana tunamwogopa. Akasema hadi mwisho wa wiki kila mzazi amwone mtoto wake, mmoja, mwenye masikio mawili. La sivyo nirudi kufua, na Meneja nimtafutie pengine, kwa sababu watoto wa wafanyakazi wanakaa hapa kwa hisani, na hisani ikianza kuonekana kwenye kila ukurasa, wazazi watauliza. Ndugu wakubwa, Meneja mwenyewe hajui kwamba yupo kwa hisani. Anajua kwamba kigodoro cha kijani kilicho karibu na dirisha ni chake, na akiisikia sauti yangu ng'ambo ya pazia, analala. Mahali pengine pa kumpeleka ni kwa jirani, anayelea watoto wengi kwa msaada wa redio. Mimi nilifikiri akianzia hapa, na mimi nikiendelea na kurasa, labda siku moja nitasomea malezi hasa, naye atakuwa mtoto wa mwalimu. Nawaambia hili ili mjue, picha moja ikihama huko kwenu, huku nani anahamishwa.

Niliwahi kuwaandikia. Mlinijibu papo hapo, kabla sijaiweka simu chini, kwamba mnathamini maoni yangu na niiburute picha hadi mahali ninapopataka. Nimeburuta hadi kidole kimeota sugu. Nikawajibu kwamba hali imezidi kuwa mbaya. Mkajibu kwamba mmefurahi kusikia hivyo.

Kwa hiyo nimekaa, nimefikiri, na naomba mnifuate polepole. Nyumbani tuna picha ya harusi ukutani. Imeshikwa na msumari mmoja, tena umepinda, na haijawahi kuhama hata siku tulipogombana mlango ukabamizwa. Maana yake picha, kwa asili yake, ni kitu kinachokaa. Kitu kinachojiondokea chenyewe, kinachonenepa na kukonda, kinachojificha nyuma ya wenzake na kuchungulia, hicho si picha, ni mtoto. Kazi hii naijua. Na kama ni mtoto, na amezaliwa na programu yenu, basi wazazi wake ni ninyi. Na kanuni ya kituo imebandikwa karibu na mlango: kila mtoto achukuliwe na mzazi wake kabla ya kufunga. Naomba mje mumchukue Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mje na kitambulisho na nguo ya kumbadilisha. Mchukue Meneja wa kwenye simu, mniachie huyu wa ndizi. Mkichelewa nitalazimika kumlaza hapa, na vigodoro vimejaa.

Nisalimieni wote mnaokaa nao ofisini, aliyechagua rangi, aliyeweka ile kengele inayowaamsha watoto wangu, na hasa yule anayejibu barua kabla hazijakauka. Mwambieni apumzike, watoto wake watamsahau sura. Wazee wenu pia nisalimieni, waambieni hatuna ugomvi nao.

Ni mimi mwenye kero na matumaini kwa pamoja,
Mama Meneja,
chumba cha wanaotambaa.

Nyongeza: Barua hii ilikwama kwa sababu ya mtandao, na kabla haijaondoka mambo yamegeuka. Juzi nikiwa nabadilisha nepi nilikumbuka kufua. Shuka zote zikitoka na doa lilelile, huhangaiki na shuka, unalitazama beseni. Nikamfungua ukurasa mama mwenyewe, nikamgusa Meneja, nikamfuta humo, nikabonyeza na kile kifuli kidogo cha pembeni ambacho siku zote nilidhani ni pambo. Jana kurasa zilitoka safi. Kila mtoto kwenye kona yake, masikio mawili mawili. Nililala nimefumba macho yote.

Asubuhi bibi wa nyusi akapiga simu: "Yule mtoto wa pembeni yuko wapi, anaumwa?" Mama wa mapacha akaja getini, safari hii akasalimu, akasema wanawe walizoea kulitakia lile sikio usiku mwema na jana wamegoma kulala. Fundi wa majokofu naye kauliza, kwa sauti ndogo, huku akitazama nyuma. Mwenye kituo akaniita tena kwenye stoo ya magodoro, akanong'ona, "Mrudishe." Nikamuuliza, na mtoto mwenyewe je? Akasema tutakuwaje na picha kwenye kila ukurasa halafu mwenye sura hayupo, wazazi watauliza. Kigodoro cha kijani ni chake. Baba Meneja nimemwambia, amecheka, kisha akamtazama tena kidogo.

Basi futeni namba moja hadi tano, na Ijumaa msije. Nimebakiwa na shida moja tu. Nimemrudisha Meneja, lakini sasa anakaa. Amekaa pale kwenye kona kama stempu, hasogei, hachungulii, na watu wanalitaka lile sikio. Nimeburuta, nimetikisa, nimeandika hata habari ndefu za tumbo, wapi. Naomba kwa hisani yenu mnieleze upesi jinsi ya kuifanya picha isikae, maana kurasa zinatakiwa kabla ya jioni, na hapa nilipo naitwa huko ndani, wanasema Meneja amelala kwenye kigodoro cha pacha mmoja, wamembembeleza, wamemvuta mguu, hataki kabisa kutoka, nakuja dada, namalizia tu, mwacheni hapohapo alipo, msimham