Sandali ya Bei ya Mbuzi Wawili

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa mjukuu wangu Batuli anaolewa. Alhamisi atasingwa, asuguliwe manukato mwili mzima anukie. Mwahija, bibi wa bwana harusi, ametangaza Kivinje nzima kuwa atamsinga yeye, kwa kuwa ana mafuta ya sandali ya bei ya mbuzi wawili. Chupa yenyewe kama kidole gumba. Akanitia tone mkononi, akaniuliza kama naweza kusoma jina lililoandikwa chupani. Nikamwambia Kizungu sikisomi, pua ninayo. Batuli nimemlea tangu hajaota meno. Hasingwi na mtu baki. Nitaipata harufu hiyohiyo kwa bei ya mtu mwenye akili.

Jumanne, 4 Juni
Kwa Idd, muuza manukato. Aina tatu za sandali rahisi. Ya kwanza mkono wa kulia: penseli iliyochongwa. Ya pili mkono wa kushoto: tamu mno, sisimizi wamenifuata. Ya tatu shingoni, mikono imekwisha. Hii ndiyo. Kavu, baridi, ya heshima. Idd alitaka kuniambia kitu. Nikamwambia afunge mzigo na mdomo.

Jumatano, 5 Juni
Nimejipaka, nikaenda kwa Mwahija kumtambia. Mlangoni wanawake wakanusa, wakatazamana. Mmoja akasema inna lillahi, akauliza nani katutoka. Mwahija akanipa kiti na pole. Kumbe ile sandali yangu ina kafuri ndani, Idd huwauzia waosha maiti. Mwahija alipong'amua akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akauliza kama na sanda nimeshamnunulia bi harusi. Nimeoga hadi sabuni imekwisha. Bado nanukia msiba.

Alhamisi, 6 Juni
Batuli kaja alfajiri. Kasema, bibi, chupa zenu mtajuana wenyewe, mimi nasingwa na wewe hata kwa maji ya bomba. Nikaenda uani, nikalia kidogo. Kisha nikasugua kigogo cha liwa, ule mti unukiao, juu ya jiwe kwa maji, nikamsinga kama nilivyosingwa mimi. Mwahija alikaa pembeni na chupa yake.

Ijumaa, 7 Juni
Ndoa imefungwa. Siti, wifi yake Batuli kutoka Dar, kamnusa bi harusi, kaniuliza marashi gani hayo, mbona mjini hajayakuta. Ningesema liwa, yakaisha. Mdomo ukasema mafuta ya Maskati, zimebaki chupa mbili duniani, moja ninayo mimi. Anaitaka kwa bei yoyote. Yupo mpaka Jumapili. Kesho natafuta chupa tupu, iwe nzuri, isiyowahi kutiwa dawa ya kikohozi.