Kwanza Papa Président

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimemaliza! Programu ya boti imekamilika. Kurasa kumi na tano: abiria, mizigo, safari za Kalemie, safari za Uvira, kila kitu. Jumamosi naionyesha mbele ya chama cha wenye boti. Wakiipenda, kiti cha ofisi ya bandarini ni changu, pamoja na meza, dirisha na feni. Wasipoipenda kitaenda kwa Nadège, aliyesomea Bukavu na anayevaa miwani ili tusisahau.

Jambo moja nimelifanya kwa akili sana. Kuna faili ya njia, yaani orodha inayoiambia programu kila anwani iende kwenye ukurasa gani. Juu kabisa nimeweka ukurasa wa Papa Assumani, président wa chama. Picha yake, na suti. Hapa mjini Baraka mkutano hauanzi kabla mkubwa hajasalimiwa; kwa nini programu ikose adabu? Tena nimemwekea alama ya nyota, maana yake apokee anwani yoyote inayokuja, ili mtu akikosea kuandika asikose kumpata. Mkubwa ni jalala. Nadège asingewaza hilo. Hakulelewa vizuri.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimewasha majaribio. Ni programu ndogo inayojiendesha yenyewe: inafungua kila ukurasa kama abiria, halafu inasema kijani au nyekundu. Kijani moja. Nyekundu kumi na nne!

Jaribio la abiria linalalamika kwamba limeomba orodha ya abiria, likapewa Papa Président. La mizigo vilevile. La Uvira vilevile. Hii ni rezo tu, mtandao unasumbua. Rezo ya Baraka nani asiyeijua? Nimebeba ordinateri, kompyuta yangu, kichwani hadi juu ya kilima, mahali watu wanapokwenda kupiga simu. Nyekundu kumi na nne, na shingo inauma.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimebadilisha majina ya anwani zote. Nyekundu zilezile. Kumi na nne. Nimezima ordinateri ipumzike, nikala bugali na ndagala bila haraka, nikaiwasha. Kumi na nne.

Nadège amepita, hakuitwa. Akaniita "Ya Vainqueur", yaani kaka mkubwa, kama anavyofanya akitaka kunidharau kwa adabu. Kasema rezo haihusiki hata kidogo, majaribio yanaendeshwa ndani ya ordinateri ileile. Kasema programu inasoma faili ya njia kutoka juu kwenda chini, na wa kwanza kukubali ndiye anayechukua, kwa hiyo nitazame aliye juu ni nani.

Aliye juu ni Président! Nimshushe chini ya mizigo, chini ya magunia ya muhogo? Huyu anatafuta nifukuzwe kabla sijaajiriwa. Nimemshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru, nikafunga ordinateri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Ufumbuzi! Umenijia nikinyoa ndevu. Majaribio yanaomba abiria, yanapewa Président, yanalia. Basi kosa si la Président. Kosa ni la majaribio, kutarajia kitu kingine! Nimeyarekebisha yote kumi na nne yamtarajie yeye. Kijani kumi na tano! Nimepiga picha ya skrini nikamtumia Nadège bila neno lolote. Amejibu kwa alama ya kuuliza. Wivu.

Mama Zainabu, mwenye boti tatu, kanisimamisha sokoni. Mwaka jana dhoruba iliishika boti moja ziwani siku mbili, daftari la majina likalowa, na bandarini hakuna aliyejua ni akina nani wamo ndani. Mdogo wake alikuwemo. Siku mbili hakujua amlilie au asimlilie. "Mi sina na haja ya mapicha, Vainqueur," kasema. "Mi nataka tu liste ya bantu." Nikamwambia iko, tena kijani kabisa. Moyo ukanigonga kidogo. Ni njaa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ukumbi umejaa. Nimefungua programu: Papa Président! Makofi. Papa Assumani akarekebisha tai. Mama Zainabu akaomba orodha ya abiria. Nikabonyeza. Président. Akaomba mizigo. Président. Safari za Kalemie. Président, na suti yake.

Mtu wa nyuma akauliza kama président amenunua boti zote. Mwingine akasema ndiyo maana uchaguzi hauitishwi. Papa Assumani akataka kujua ni nani aliyenituma kumharibia jina. Nikaeleza kwamba majaribio yote yalikuwa kijani.

Mama Zainabu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa boti ikipotea leo, tutaenda kutafuta Président mu ziwa?" Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona aibu kweli.

Nadège akaomba ruhusa, akaja mbele, akahamisha mstari mmoja. Mmoja! Kutoka juu hadi chini kabisa. Akayarudisha majaribio yangu kama yalivyokuwa mwanzo. Kijani kumi na tano. Mama Zainabu akafungua mwenyewe orodha ya boti iliyoondoka asubuhi, akayasoma majina yote kwa sauti, moja moja, hadi la mwisho.

Kiti kimeenda kwa Nadège. Na feni.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nadège kanichukua niwe msaidizi wake. Nina kigoda karibu na mlango. Kazi ya kwanza: kuongeza ukurasa mmoja tu, wa Mama Zainabu, ambaye chama kimempa usimamizi wa usalama wa abiria. Nadège kaniuliza kama nimeelewa kosa la Jumamosi. Nimeelewa vizuri sana. Asiyejua maana haambiwi maana. Tulimweka juu mtu asiyefaa!

Sasa juu kabisa yuko Mama Zainabu. Picha yake, amevaa kikwembe cha sikukuu. Na nyota, asije akajiona mdogo kuliko Papa Assumani.

Nimewasha majaribio. Kijani moja. Nyekundu kumi na tano.

Rezo ya Baraka hii! Nimebeba ordinateri, napanda kilimani.