Mkamwana Wangu na Bakuli la Bluu

Jumatatu, 14 Oktoba
Tamthilia ya Mandakini imeharibika. Miaka minne namfuata yule mkamwana mpole, leo wamembadilisha. Eti ajali ya gari, daktari kampa sura mpya. Siipendi, pua imekaa kishari. Ila kipindi kitamu! Katia sumu kwenye maziwa ya mama mkwe wake huku anatabasamu. Chai yangu imepoa mkononi.

Kilichoninyima raha: Vaidehi, mke wa mwanangu Ninad, alikuwa kakaa pembeni yangu. Naye alitabasamu.

Jumanne, 15 Oktoba
Funguo za kabati la samli na dhahabu nimezitoa kiunoni, nimezificha ndani ya blauzi. Zinachoma. Vaidehi kauliza kama naumwa kifua, mbona najishikashika. Anauliza ili iweje? Jirani Pushplata kasema mkamwana wangu ni malaika. Mandakini naye waliwahi kumwita malaika.

Sehemu ya leo ya tamthilia mbovu kabisa, watu wanatumbuliana macho huku upepo unavuma. Nimeitazama yote.

Ninad kanipasulia: "Mama, ukimchunguza tena mke wangu tunahamia Pune. Nimechoka." Nimeogopa kweli. Wakiondoka hapa Indore nitabaki mimi na runinga. Basi, nitachunguza kimyakimya.

Jumatano, 16 Oktoba
Leo mwezi mpevu. Vaidehi kapika wali wa maziwa, kaupandisha paani upigwe na mbalamwezi kama kila mwaka, tuule asubuhi. Zamani tulikula kutoka sufuria moja. Safari hii nina bakuli langu peke yangu, la bluu. Mimi nitengwe kwa lipi? Nikapanda nikisingizia kuanua nguo, nikahamisha wali: wa bakuli la Vaidehi kwangu, wangu kwake. Magoti yamelalamika ngazi nzima. Nimeshuka mshindi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Naandika kitandani. Wali ulikuwa mtamu ajabu, nimelamba mpaka kijiko. Saa nne nikaona nyota. Daktari kasema sukari imepanda vibaya. Vaidehi haelewi. Wali wa bakuli la bluu aliupika bila sukari, kwa ajili ya kisukari changu, tena lake mwenyewe leo lilikuwa chapwa. Ninad kanitazama. Kaelewa. Kaenda kuteremsha masanduku.

Nimelia, na sikuwa naigiza.

Jumamosi, 19 Oktoba
Masanduku yamerudi juu ya kabati. Vaidehi kaikataa Pune. Kamwambia mumewe: "Mama tumwachie nani? Sukari yake ataiangalia nani? Na mimi Mandakini nitamsema na nani?" Kanikumbatia. Nimeona haya, nikampa funguo kwa mkono wangu. Kazikataa. Kanifungia tena kiunoni, taratibu.

Mchana kutwa nimewaza. Kapewa Pune, hataki. Kapewa funguo, hataki. Mtu asiyetaka chochote anataka nini? Halafu lile bakuli. Alijua nitabadilisha, ndiyo maana la kwake akalijaza sukari.

Kesho namwita fundi abadilishe kufuli la kabati.