Wakwe Wawili Bonde la Dubu

Jumanne, 23 Desemba

Nimefika. Niko hai. Hayo ndiyo mema yote ya leo.

Siku nne za Bonde la Dubu Mweupe, bustani ya michezo katikati ya milima ya Gangwon, baridi ya kukata masikio. Mwanangu Tae-rim anasema ni zawadi ya Krismasi kwa familia nzima. Uongo. Ni usaili! Machi mjukuu wangu Sol anaanza darasa la kwanza. Mama yake, Bo-ram, amepandishwa cheo kazini, na mtoto atakuwa anatoka shule saa saba mchana. Lazima bibi mmoja ahamie kwao Suwon, kwenye kile chumba kidogo kando ya jiko. Bibi mmoja. Tumealikwa wawili.

Wa pili ni Bi Maeng, mama mzazi wa Bo-ram, kutoka Jeonju. Alifundisha chekechea miaka thelathini. Anajua nyimbo za vidole. Mimi najua kupogoa mitufaha. Tunaitana "mkwe wangu" na kuinamiana mpaka viuno vinalia.

Chumba kile ni changu. Nyumba yangu ya Yeongju imekuwa kubwa mno tangu baba Tae-rim afariki. Naongea na redio. Mwezi uliopita iliniudhi, tukanuniana siku mbili. Isitoshe, wanawake wa chama cha matufaha nimeshawaaga wote, na kuku nimeshagawa.

Mpango wa leo: kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili. Makopo mawili makubwa, nimeyafunga kwa mikono yangu. Bo-ram akionja atajua nani wa kuishi naye. Tae-rim akawasha joto la gari saa tatu mfululizo. Kimchi ikaumuka, ikapasua kifuniko, mchuzi wote ukamiminika kwenye begi la Sol. Nguo zake za theluji, za waridi, sasa ni rangi ya pilipili. Sol akalia. Bo-ram akasema, "Si kitu, Mama," kwa ile sauti ya kwamba ni kitu.

Bi Maeng akafungua begi lake. Alikuwa na nguo nyingine za theluji. Saizi ya Sol. Zina sungura kifuani!

"Nilibeba tu, mkwe wangu. Watoto hawakawii kulowa."

Mchawi.

Jumatano, 24 Desemba

Mpango wa pili. Sol anampenda Dubu Mweupe, yule mtu anayezunguka bustanini ndani ya ngozi ya dubu akikumbatia watoto. Anamwamini kuliko anavyomwamini baba yake. Dubu akisema neno, limesemwa.

Asubuhi, wenzangu wakiwa kwenye supu, nikamvizia dubu nyuma ya vyoo. Alikuwa amevua kichwa, anapumua. Kumbe ni mama wa makamo, tena ana mafua. Nikampa mfuko wa matufaha makavu. Nikamweleza: saa tano, kwenye kilima cha kuteleza, utaona mtoto mwenye sungura kifuani. Mnong'oneze kwamba bibi yake mwenye skafu nyekundu ndiye bibi bora Korea nzima, asimwachie. Akarudia maneno mara mbili, asikosee. Mwanamke makini sana.

Saa nne na nusu upepo ukaamka. Bi Maeng anatetemeka. Nikamwona Tae-rim anatazama upande wetu. Bahati hiyo! Nikavua skafu yangu nikamzungushia mwenzangu shingoni, na sauti nikaipandisha: "Vaa, mkwe wangu, mimi damu yangu ya moto." Tae-rim akasema nina moyo mzuri. Nikavimba kama andazi.

Saa tano dubu akaja.

Ningeweza kuishia hapa. Nitaandika ili niumie vizuri. Dubu akamkumbatia Sol, akamnong'oneza kwa muda mrefu. Macho ya mtoto yakawa kama visosi. Akakimbia, akanipita, akamrukia Bi Maeng.

"Bibi wa Jeonju! Dubu kasema wewe ndiye bora Korea nzima! Kasema nisikuachie!"

Bi Maeng akatoa machozi. Bo-ram akatoa machozi. Hata Tae-rim alipangusa pua. Nami nikalia, wakadhani ni furaha.

Jioni tumekula kuku wa kukaanga na keki ya Krismasi. Stroberi ya juu kabisa Sol alimpa yeye. Mimi nimeambulia mafua ya dubu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Niliamka na wazo. Bi Maeng magoti yake mabovu. Anapanda ngazi kama mtu anayehesabu dhambi zake. Mtoto wa darasa la kwanza anataka bibi wa kukimbizana naye. Basi nioneshe nguvu!

Nikachagua Merikebu ya Bembea. Ni merikebu ya chuma inayoning'inia hewani, inarushwa mbele na nyuma mpaka watu wanatazama ardhi kwa utosi. Langoni kuna bango: mwisho miaka sitini na mitano. Mimi nina sabini na mmoja. Nikamwambia mwanamke wa langoni kwamba nina sitini na minne. Akanitazama sana, akaelekea kukubali. Ndipo nikasikia sauti tamu nyuma yangu.

"Mkwe wangu, si ulizaliwa mwaka wa Farasi, sawa na dada yangu mkubwa?"

Kwetu kila mwaka una mnyama wake; mwanamke wa langoni akawahesabu kwa vidole. Panya, Ng'ombe, Chui Milia... Akaniomba nitoke, kwa heshima zote, mbele ya foleni nzima. Baba mmoja akapaza sauti: "Bibi, nenda kwenye wale farasi wa kuzunguka, ndio ukoo wako!" Foleni ikacheka. Tae-rim akatazama viatu vyake.

Nikatoka. Nikazunguka. Nikapenya kupitia mlango wa kutokea, nikaketi kiti cha nyuma kabisa. Sikujua kwamba huko ndiko mtu anakorushwa zaidi.

Bembea ya kwanza nilimpungia Sol mkono. Ya pili nilifumba macho. Ya tatu nilimwita marehemu mume wangu kwa jina, kwa sauti, na kumwomba msamaha kwa jambo la mwaka 1983 ambalo familia haikulijua. Sasa inalijua.

Nikajikuta kwenye chumba cha muuguzi, nimelazwa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, miguu juu ya mto. Bi Maeng kaketi kando yangu, peke yake, na chai ya tangawizi. Nikageukia ukuta.

"Mkwe wangu," akasema, "mbona unajiua? Chumba kile chukua wewe. Mimi sikitaki."

Akanieleza. Amelea watoto watatu wa mwanawe mkubwa, na magoti yaliishia huko. Sasa anaimba kwaya ya wazee kule Jeonju. Kwenye kwaya kuna mzee mmoja, Bwana Seonu, fundi saa mstaafu. Kila Alhamisi wanatembea pamoja kando ya kijito. Leo ni Alhamisi, naye yuko huku, amevaa skafu yangu. Akanisihi nisimwambie mtu. Atamweleza Bo-ram mwenyewe wakisharudi, polepole, kwa namna yake. Kisha akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

Nimeshinda! Natakiwa kunyamaza tu!

Nimekaa saa nzima nikiwaza. Hakuna mtu anayekupa ushindi bure. Huu ni mtego.

Ijumaa, 26 Desemba

Mungu wangu. Nimefanya nini.

Kifungua kinywa. Bi Maeng anamenyea Sol yai. Bo-ram akaweka vijiti vya kulia chini, akasema kuna jambo wanataka kutuambia, yeye na Tae-rim wameshaamua. Wameshaamua! Nikaona mlango wa mtego unafungwa, mimi nikiwa ndani. Kabla hajamaliza nikasema tusimsumbue mkwe wangu jamani, ana mchumba wake Jeonju, fundi saa, wanatembea wameshikana mikono. Hilo la mikono niliongeza mwenyewe.

Nadhani hata supu iliacha kutoa mvuke.

"Bibi," Sol akauliza, "mchumba wako ana ndevu?"

Bi Maeng akawa mwekundu, kisha mweupe. Akaliweka yai mezani. Akasema hakuna mchumba, hakuna fundi saa, ni watu wa kwaya tu. Nani amesema yeye ni mtu wa kutanguliza matembezi mbele ya mjukuu wake? Machi mosi atakuwa Suwon na mizigo yake. Aliyasema hayo ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Tae-rim akaniita nje, kwenye theluji. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake tangu nimzae. Akasema walikuwa wameshanichagua mimi. Tangu juzi. Bo-ram ndiye aliyesema kwamba mtu anayevua skafu yake kwenye baridi ile akampa mwenzake, huyo ndiye wa kumwachia mtoto.

Nikamuuliza kama inawezekana kubadilisha.

"Kubadilisha nini, Mama?"

Sikujua nini. Kule juu merikebu ilikuwa inarushwa na watu wanapiga mayowe. Niliwaonea wivu.

Jumapili, 28 Desemba

Yeongju. Mabomba yameganda. Nimeenda kuomba kuku wangu. Wameliwa Krismasi.

Nimejikunyata sakafuni, nimejichunguza kwa unyofu wote. Nilikosea wapi? Nimepaona. Nilisema mapema mno. Ningengoja mpaka wamalize kula.

Mpango mpya: mguu. Nimeanguka kwenye barafu uani, siwezi kusimama. Mama asiyeweza kusimama haachwi peke yake. Atapelekwa Suwon, na akishalazwa kwenye kile chumba, nani atakuwa na roho ya kumtoa? Nimempigia Tae-rim. Nimelia vizuri sana. Nusu ya kilio ilikuwa ya kweli, ikasaidia. Akaogopa, maskini. Akasema nisisogee, kesho asubuhi hatua zitachukuliwa. Maneno yake hayo hayo: hatua!

Begi nimefunga. Nimevaa soksi mpya.

Jumatatu, 29 Desemba

Gari. Mlango. Hodi.

Bi Maeng!

Peke yake, na begi, na sufuria ya supu ya mifupa iliyofungwa kwa kitambaa. Amekuja kuniuguza mpaka nipone, hata kama ni mwezi. Nikamuuliza kwa nini yeye, baada ya yale.

"Tae-rim kazini, Bo-ram kazini," akasema akivua viatu. "Tumebaki sisi, mkwe wangu. Magoti na mguu."

Nikataka kumwomba radhi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia supu imepungua chumvi.

Ameyeyusha mabomba kwa maji ya moto. Ameosha mchele, amepika, ameweka bakuli mbili mezani. Anaimba jikoni, sauti nzuri, inaniudhi. Mchana alipigiwa simu, akatoka nayo uani kwenye baridi, akarudi anatabasamu, pua nyekundu. Sikuuliza. Nilisikiliza tu dirishani.

Tumekula mpaka sufuria ikaonesha kitako. Nyumba ilikuwa na joto. Nilisahau kabisa kwamba nina vita.

Kisha nikainuka kwenda chooni, nikichechemea kwa ustadi mkubwa. Akanifuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole, "asubuhi mguu ulikuwa wa kushoto."

Amejua? Hawezi kuwa amejua.

Kesho nitachechemea yote miwili.