Springi Ngumu za Pikapu ya Mwanangu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimelia kwa furaha mpaka wali ukaungua. Mwanangu ameingia, kofia mkononi, akasema mwenye duka la vioo amempa wiki moja ya majaribio. Atabeba vioo kwa pikapu yake. Vikifika vizima, atapewa kazi ya kubeba madirisha yote ya hospitali mpya. Yote! Wagonjwa wote watatazama nje kwa sababu ya mwanangu.

Nikatoka nje niwatangazie watu. Wa kwanza kukutana naye ni Mama Honi, jirani wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu kijana wake hawezi kurudi nyumbani na pikapu yake bila kuamsha mtaa mzima. Nikampa habari. Akasema hongera, hongera sana. Kisha akaitazama pikapu yetu akauliza, ndiyo hii? Mbona imekaa kama kuku anayetaka kutaga?

Nimemjibu kwamba imepumzika. Lakini nimeingia ndani nikachungulia dirishani. Kweli, nyuma imeinama. Ya kwao imenyanyuka, ina ngao ya chuma mbele na taa nne juu ya paa.

Mtoto wangu aende mbele ya tajiri na gari linalotaga? Haiwezekani. Hela niliyoweka ya kochi ipo. Kochi litasubiri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda duka la vipuri. Nimevaa viatu vya heshima. Ajabu ya dunia, mapambo ya pikapu ni mengi kuliko ya bibi harusi! Ngao za mbele. Keria za juu. Ngazi za kukanyagia mlangoni. Taa za kila umbo. Nimevishika kimoja kimoja, nimetafakari. Taa nikaziacha, mwanangu hafanyi kazi usiku. Ngazi nikaziacha, ana miguu mirefu, ameitoa kwetu. Ngao nikachukua.

Kisha nikamwambia muuzaji nyuma inainama, nataka isimame. Akaniuliza kwa adabu, mama yangu, gari linabeba nini?

Hapo nikasita. Vioo. Nililionja neno mdomoni nikaliona jepesi, kama kazi ya mtu asiye na kifua. Nikasema anabeba mawe. Na saruji. Na nondo. Muuzaji akaniangalia kwa heshima mpya, akaniletea springi ngumu kuliko zote dukani. Akasema hizi haziinami hata ukipakia kifaru. Nikasema ndizo hizo.

Jumatano, 6 Agosti

Mwanangu leo hakuwa na safari. Nimemwambia mjomba wake atalichukua gari alitie grisi. Akatoa funguo. Mjomba mwenyewe ni mdogo wangu, fundi wa gereji ya hapo chini. Alipoziona springi akakuna kichwa. Akauliza, dada, mwenye gari anajua? Nikamwambia mwenye gari nimemzaa mimi. Akasema sawa, lakini kwa mtu wa vioo... Nikamwambia kaza nati, mdogo wangu, maneno baadaye.

Jioni likarudi. Jamani! Nyuma juu, ngao inang'aa, kama fahali anayetafuta ugomvi. Mama Honi alitoka na ufagio akafagia mahali pamoja muda mrefu. Kwa roho yangu nzuri nikamwambia amchukulie kijana wake springi zetu za zamani, sisi tumeshavuka huko. Akazipokea, akazibeba kwao. Mtamu huo ushindi!

Mwanangu alilizunguka gari mara mbili. Akasema asante, mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikajua ni furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Haikuwa furaha.

Gari linaruka. Likikanyaga kijiwe linaruka, likikanyaga kivuli linaruka. Vioo vilipakiwa vimesimama, vimeegemea fremu ya mbao yenye zulia kuukuu, kama kawaida ya kazi yao. Viwili vimepasuka toka pembe hadi pembe. Mwenye duka hakugomba. Alisema Jumamosi kuna kioo cha mlango mkuu wa hospitali, kirefu kuliko mtu. Kikifika kizima, yaliyopita yamepita. Kikipasuka, waagane kwa wema.

Mwanangu hakula. Mjomba wake alikuja akatueleza kwamba springi za mzigo mzito, zikikosa huo mzigo, hazinesi hata kidogo, na kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Nikashauri tupakie mifuko ya mchanga, gari litulie. Mwanangu akasema, taratibu kabisa, mama, mchanga utakwaruza vioo vya watu. Nataka springi zangu za zamani.

Zake za zamani. Ee Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimevuka barabara nikiwa nimepanga kuazima chumvi. Nikaazima. Mama Honi akanipa. Nikabaki nimesimama. Akauliza, chumvi hiyo nikubebee, mbona huondoki? Nikasema springi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, shoga yangu, si mlishavuka huko?

Kisha akaacha kucheka. Akasema kijana wake, tangu gari linyanyuliwe kwa springi ngumu, mgongo unamuuma mpaka anavaa viatu akiwa amelala. Hasemi, kwa sababu aliyechagua zile springi ni mama yake. Alikuwa anataka kumfungia zetu kesho.

Sijui yeye aliwaza nini, ila nadhani tuliwaza kitu kimoja. Watoto wetu wakipita tunataka mtaa mzima usimame. Wao wanataka kufika tu.

Akazitoa springi zikiwa kwenye gunia. Tumelibeba pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Hakutangaza popote. Hilo limenichoma kuliko kama angetangaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Mdogo wangu amefunga springi za zamani asubuhi na mapema. Gari limerudi kutaga. Ngao imebaki, nilimbembeleza mwanangu.

Mwanangu akasema, twende wote, mama, ukaone. Nimekaa mbele. Kumbe miaka yote hii namsifu tu, sijawahi kumwona akiwa kazini. Mikono imelegea kwenye usukani, macho mbali. Kila shimo analijua kabla halijafika. Tuta alilipanda kwa upande, tairi moja moja, nikasikia kioo kikiguna nyuma yetu, kikanyamaza. Magari yakatupigia honi. Dereva mmoja akatoa kichwa akauliza kama tumebeba maiti. Nilishafungua mdomo. Mwanangu akasema, mwache mama, ana haraka zake.

Njia nzima hakuna aliyetutazama kwa kutamani. Naye hakutazama kama kuna anayemtazama. Nikawaza, huyu amekuwa hivi lini? Na mimi nilikuwa naangalia wapi?

Kioo kimefika. Mwenye duka akakizunguka, akapitisha kidole pembezoni, akapitisha tena. Akasema, kijana, madirisha ni yako. Akaongeza kwamba anaendesha kama mtu aliyepakata mtoto aliyelala. Nikamwambia ndivyo nilivyompakata yeye. Nikalia mbele ya wafanyakazi wote. Hapo hapo nikaapa kwa sauti kwamba gari la mwanangu sitaligusa tena.

Jumapili, 10 Agosti

Kiapo nakishika. Gari la mwanangu sijaligusa.

Mwenye duka la vioo amepita mchana na pikapu yake mwenyewe. Anakwenda kumtazama mama yake, anaondoka kwa basi, atarudi Alhamisi. Ameomba aliache gari uani kwetu. Alisema nyumba iliyomlea kijana mtulivu namna ile ni ya kuaminika. Akanikabidhi funguo mimi, mkononi, mbele ya Mama Honi!

Alipoondoka nikalitazama vizuri. Tajiri mzima! Nyuma limeinama mpaka huruma. Mbele tupu, uso wa mtu aliyeng'olewa meno. Mama Honi naye amelizunguka, akatikisa kichwa. Watu watamheshimuje? Na wakimdharau yeye, si wamemdharau na mwanangu anayemfanyia kazi?

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, bila papara, maana wiki hii imenifunza. Kosa letu nimeshaliona. Tulifanya haraka, kila kitu siku moja.

Gari hili tunalo mpaka Alhamisi.