Jiwe Nililolipaka Rangi

Alhamisi, 9 Mei

Pigo! Mzee Lilambar, kuhani wa pango letu la ibada, ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu, siku ya mungu Shiva, atabaki mwongoza watalii mmoja tu. Amechoka na makelele yetu mbele ya mungu. Ni mimi au Dungar. Nikikosa, nateremka mjini Haldwani kuosha vyombo kwenye hoteli ya shemeji yangu. Shemeji ameshaninunulia aproni.

Dungar ana sauti nzito na masharubu. Mimi nina akili.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango umepatikana. Kila jiwe pangoni lina hadithi yake: hizi nywele za Shiva, ule mgongo wa nyoka aliyebeba dunia. Zote Dungar anazisimulia vizuri kuliko mimi. Basi nahitaji jiwe langu peke yangu.

Alfajiri nikashuka kwa kushika mnyororo, peku kama inavyotakiwa, na kopo la unga mwekundu wa ibada wa Haruli, mke wangu. Nikachagua jiwe la duara pembeni. Nikalipaka. Nikarudi nyuma kulitazama.

Nywele zikanisimama. Sasa hivi tu lilikuwa jiwe! Nikajikuta nimeunganisha viganja kama mwenye kusali.

Upuuzi. Nikapanda juu kunywa chai.

Jumamosi, 11 Mei

Nilipanga kuwaambia wageni wangu wa Lucknow kwamba lile ni sikio la Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo. Nimechelewa. Jiwe limejaa maua ya njano, ndizi na ubani, na Dungar amesimama mbele yake. Anasimulia jinsi Parvati, mke wa Shiva, alivyoegemeza kichwa hapo, amechoka kumsubiri mumewe. Akina mama walilia. Nami nililia kidogo, naona aibu kuandika. Hadithi ni nzuri, mwizi yule!

Akaniambia, huku akisokota masharubu, "Hili jiwe babu yangu alilijua, bwana. Wewe ulikuwa wapi?"

Babu yake! Na siwezi kumuumbua bila kusema ni mkono wa nani uliopaka.

Jumapili, 12 Mei

Nilikwenda kushtaki. Nikamwambia Mzee Lilambar kuwa nimesikia kuna mtu, simjui jina, amepaka jiwe. Mzee akatazama vidole vyangu. Bado vyekundu mpaka kwenye kucha. Akasema tushuke.

Chini tulimkuta Dungar na watalii wake. Mara umeme ukakatika, kama kawaida yake. Giza. Hata Dungar akanyamaza. Tukasikia maji yakidondoka kutoka darini, tone, kisha tone, kama yalivyodondoka kabla mtu yeyote hajazaliwa. Nilijiona mdogo sana, na nilifurahi sana. Aproni niliisahau kabisa. Niliogopa hata kupumua, nisije nikaharibu.

Taa zilipowaka, mzee alikuwa ameinama, paji la uso juu ya jiwe langu. Haruli alikuwa amechutama kando na ndizi yake. Alikuja kuniombea kazi, na sikujua yupo.

Nikakiri yote. Mzee hakukasirika. Aliuliza kwa upole tu, "Mawe yote haya, Khimanand. Nani alikuonyesha hili?"

Nikalitazama jiwe, kisha vidole vyangu. Mpaka sasa najiuliza.

Jumatatu, 13 Mei

Kazi amepewa Haruli! Mzee anasema ndiye pekee anayejua kukaa kimya mle ndani. Mimi na Dungar tutatunza viatu mlangoni, yeye kushoto, mimi kulia. Haldwani siendi.

Jioni Haruli akaniwekea chapati ya ulezi na kusema, "Baba Manju, shukuru mungu. Na kopo langu ulirudishe."

Nimeshukuru, kwa moyo wote. Nimeapa kutogusa tena jiwe lolote.

Jumanne, 14 Mei

Haruli anawashusha wageni bila neno, anawaonyesha kwa taa tu. Wanapanda juu macho yamelowa. Mmoja alisahau hata viatu vyake.

Ila wengi wanavulia viatu upande wa Dungar. Sijui ni masharubu au nini.

Upande wangu, karibu na rafu ya viatu, kuna jiwe. Sikuwa nimeliona zamani. Lina umbo la mtu aliyeinamisha kichwa, na jua la asubuhi linaligusa kabla ya kitu kingine chochote. Nimekaa nikalitazama mpaka chai ikapoa.

Kopo bado liko mfukoni. Safari hii nimeunganisha viganja kwanza, ndipo nikalifungua.