Faini ya Usingizi

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Siku ya neema! Mama mkwe amenikabidhi ufunguo wa gari la marehemu baba mkwe. Hajanipa moja kwa moja. Ni majaribio. Gari limekaa chini ya turubai tangu mzee atutoke, na mama mwenyewe hajagusa hata mlango wake. Amesema likikaa sana litaoza, bora litembee. Mwisho wa mwezi ataamua libaki kwa nani: kwangu au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Huyo yuko ofisi ya bima. Anapiga pasi hata soksi. Gari analo, jeupe, na bado hili analitolea macho!

Mimi ni fundi wa mapazia. Nabeba mizigo begani, na bomba za kutundikia zinatoka mbele na nyuma. Nikigeuka ghafla barabarani, watu wanainama. Kwa hiyo nani mwenye haki na gari? Swali rahisi.

Mke wangu alinishika mkono mlangoni. Akasema kwao wote wanamwona kama aliolewa na ndoto, na safari hii, tafadhali, nisimwaibishe. Nikamwambia atulie. Hakutulia.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Mkosi. Lakini mkosi mzuri, sijui niueleze vipi.

Nilikwenda duka kubwa kununua ndoana za mapazia. Nyuma ya duka kuna maegesho, na kona ya mwisho kuna mti wa mjakaranda uliochanua wote zambarau, jani hata moja hakuna. Nikaegesha chini yake. Ndoana nilinunua upesi, mtu asinisingizie. Nikarudi kwenye gari, nikasema nikae kidogo niitazame ile rangi. Kuna mteja anataka pazia la zambarau na hajui zambarau ipi. Kwa hiyo ilikuwa kazi. Naandika wazi hapa: ilikuwa kazi.

Kiti cha mzee kimebonyea pale mgongo wake ulipokuwa. Kinakupokea. Ua likadondoka kwenye kioo, likateleza taratibu mpaka chini. Jingine likafuata. Nikaota nimetundika pazia kutoka mawinguni hadi mtaani kwetu, na watu wanapita katikati yake wamenyamaza, wanaligusa tu kwa mikono. Hakuna aliyeniambia limepinda. Hata mwanyumba alikuwepo, bila soksi.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili, na kwenye waipa ya kioo cha mbele kulikuwa na karatasi ya manjano. Faini! Kampuni ya maegesho, ambayo sijui hata ina sura gani, inasema nimepitiliza muda wa wateja. Kibao cha muda kipo, kweli. Kimejificha nyuma ya tawi. Nikamfuata mlinzi. Akasema yeye kazi yake ni kupiga picha, mengine hayamhusu. Nikauliza picha ya nini. Akaangalia pembeni akitabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Karatasi iko chini ya cherehani. Mke wangu hajui.

Nilipe au nipinge? Asubuhi yote nimewaza hilo nikishona. Nikilipa mapema wananipunguzia nusu. Lakini kulipa ni kukubali kosa, halafu kuna risiti, na risiti zangu zina tabia ya kudondoka mfukoni mbele ya mke wangu. Yeye atamwambia dada yake. Dada atamwambia mumewe. Mwanyumba atakwenda kwa mama mkwe na shati lake la mikono mirefu, atakaa kwa unyonge, atasema hapendi kusema. Na ufunguo kwaheri!

Nikipinga nikashinda, ni kama hapakutokea kitu. Maua tu na usingizi.

Mchana nilimpigia mwanyumba simu, kwa ujanja. Nikamwambia kuna rafiki yangu kapatwa na faini ya maegesho ya watu binafsi. Akasema wengine hushinda wakiwa na sababu ya maana, kwa mfano gari kuharibika. Akasisitiza kwamba kwanza mtu asome maandishi madogo ya nyuma, mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huyo rafiki naye anashona mapazia. Nikakata simu. Mtandao siku hizi unasumbua.

Nikageuza karatasi nikaanza kusoma. Mistari mitatu ya kwanza imeandikwa vizuri sana, inapepea. Niliamshwa na mke wangu akiuliza kwa nini pazia la mteja nimelishona juu na chini, pembeni na pembeni. Kweli bwana. Nimeshona gunia.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Nimepinga! Nimewaandikia kwa simu kwamba gari liliharibika palepale, nikabaki nalo kwa uaminifu kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Hapo kwenye mgonjwa niliguswa mwenyewe.

Wakajibu haraka kuliko nilivyotaka. Wanataka uthibitisho wa fundi.

Nikaenda kwa fundi gari, yule tunayemwita Dokta kwa sababu hupachika sikio kwenye boneti kabla ya kufungua. Akasikiliza. Akasema gari zima, linapumua vizuri kuliko yeye. Nikamwomba aandike kwamba ni bovu. Akakataa! Akasema jina lake halitaki mchezo, hawezi kuthibitisha ugonjwa wa gari zima. Nikakaa kwenye tairi kuukuu nikawaza. Mimi pia sipendi uongo. Mtu mwongo hulala vibaya.

Ndipo wazo likaja, laini kabisa. Kama gari zima haliwezi kuthibitishwa, basi liumwe kidogo. Dokta akafungua boneti. Akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kitu kidogo kama punje ya hindi, akaniwekea kiganjani. Akawasha. Gari likakohoa tu. Akaandika: haliwaki. Ukweli mtupu! Nikawatumia. Fyuzi nikaiweka mfuko wa shati, na ili cheti kisigeuke uongo siku hiyohiyo, gari tukalisukuma hadi nyumbani, mimi, Dokta na wapita njia wawili wenye roho nzuri. Kesho narudisha fyuzi, mambo yameisha.

Jioni nimekaa dirishani. Naona pazia linajaa upepo, linatoka, linarudi. Nimeshaanza kuona jina langu limeandikwa ubavuni mwa gari.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Siandiki mengi. Nina aibu mpaka kwenye kucha.

Jana sikurudisha fyuzi. Niliona kuna muda. Leo asubuhi mama mkwe kapiga simu. Anataka nimpeleke kwa dada yake mgonjwa, na tena kwa gari la mzee, maana ameamua kujaribu kulipanda. Tangu msiba hajawahi kusema hivyo. Mke wangu alisikia sauti ya mama yake akakaa kitini, macho yamemjaa maji. Akaniambia niende mbio kabla mama hajabadilisha mawazo.

Fyuzi iko wapi? Mfuko wa shati. Shati liko wapi? Kwenye kamba, limefuliwa, linameremeta. Mfukoni hamna kitu. Nilipekua ndoo. Nilipekua mapovu. Mke wangu akauliza natafuta nini, na mdomo wangu, huu wa kwangu mwenyewe, ukasema fyuzi. Basi kila kitu kikatoka: faini, mjakaranda, Dokta, vyote. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema polepole kwamba mama yake amevaa viatu na amekaa mlangoni.

Akampigia dada yake. Mwanyumba akaenda na gari jeupe. Nasikia alimfungulia mama mlango wa nyuma na kumtandikia kitambaa. Kitambaa!

Fyuzi nimeiona jioni kwenye tundu la kutolea maji bafuni. Nimeikausha. Naiweka mfukoni nisiisahau.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Tumeitwa wote kwa mama mkwe. Nilijua kimenuka nilipomkuta mwanyumba amekaa wima na faili mapajani.

Kumbe maandishi madogo, mstari wa nne, yanasema uamuzi wa mwisho hupelekwa kwa mwenye gari kwa anwani iliyosajiliwa. Mwenye gari kwenye usajili bado ni marehemu. Bahasha imefika kwa mama, ina jina la mumewe, naye akampa mwanyumba aisome. Ndani: pingamizi langu limekataliwa, pamoja na picha. Mwanyumba akaisukuma mezani kwa kidole kimoja.

Ni mimi. Kiti kimelazwa, miguu imetokea dirishani, viatu hamna. Mdomo wazi kabisa, na kwenye mdomo wa chini ua la zambarau. Nimetabasamu. Gari bovu gani hilo ambalo dereva wake ametabasamu?

Mke wangu akaangalia sakafu. Hapo ndipo nilipoumia. Mimi nimezoea kuonekana mjinga, lakini yeye alikuwa amejipanga kunitetea na hakuwa na pa kuanzia. Mwanyumba akasema hapendi kusema. Kisha akasema, kwa marefu. Akamalizia kwamba gari linahitaji mtu makini.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akaichukua picha akaisogeza karibu na macho. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikaanza kuaga moyoni kila nilichonacho. Lakini alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika meza, halafu kweli akalia, na vyote viwili vikaendelea pamoja. Mke wangu akamkimbilia.

Alipotulia akatueleza. Mzee alikuwa akiaga kwamba anakwenda benki, foleni ndefu. Anarudi jioni na alama ya kiti shavuni, na maua kama lile la pichani kwenye nywele. Miaka yote. Mama alijua analala mahali. Hakuwahi kumuuliza ni wapi, alikuwa anamwachia siri yake. Na baada ya mazishi lilikuwa swali pekee lililobaki ndani ya ile nyumba.

Akanigeukia akaniuliza huo mti uko wapi.

Mwanyumba akakohoa kuhusu suala la ufunguo. Mama akamwambia yeye ni mtoto mzuri na asiwe na wasiwasi, lakini gari hili limezoea mtu wa kulala ndani yake. Ufunguo ni wangu! Faini mama atailipa mwenyewe. Sharti moja tu: nisimwandikie mtu yeyote kitu chochote tena, na nisiguse fyuzi. Nikaapa mbele ya wote. Mke wangu alinifinya mkono njiani kurudi, kwa nguvu, nusu kwa mapenzi na nusu kwa onyo.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Naandika nikiwa maegeshoni, chini ya mjakaranda.

Nimemleta mama. Alikataa kiti cha nyuma, akakaa mbele. Tulipofika aliweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha, pale rangi ilipolika, pale mzee alipokuwa akiegemeza mkono. Akasema: kumbe hapa tu. Karibu hivi.

Kibao cha muda safari hii nilikiona vizuri. Nikajiambia nitakuwa macho, na tena mkwe halali mbele ya mkwe, adabu gani hiyo. Maua yakaanza. Mama akavua viatu. Akalaza kiti kidogo, kisha kidogo tena. Akawa anapumua taratibu, ua moja limetua kwenye ushungi wake, na uso wake ulikuwa laini kuliko nilivyowahi kuuona tangu nimuoe binti yake. Ningemwamshaje? Nani ana moyo huo? Nikafumba macho ili nisimtazame, kwa heshima tu.

Nimeamka sasa hivi. Waipa. Karatasi ya manjano. Mlinzi yuko mbali, amenipa mgongo, mabega yanamcheza.

Mama naye ameamka. Akaiona. Akauliza kwa sauti ya usingizi tunafanyaje. Nikamwambia ajipumzishe, hili aniachie mimi.

Kiapo nakikumbuka. Lakini kiapo kilihusu faini ile. Hii ni nyingine kabisa, na safari hii mwenye gari alikuwemo ndani, sababu nzito hiyo. Tayari nimewaandikia kwamba gari liliharibika na nilikuwa na mama mzima mwenye heshima zake. Nimetuma. Na kwa kuwa sipendi uongo, nimefungua boneti, nimechomoa fyuzi, nimeiweka mfuko wa shati.

Mama amesema jua linapungua, sasa twende nyumbani. Nimegeuza ufunguo. Linakohoa tu. Nimeingiza mkono mfukoni, mfuko una tundu. Chini ya gari ni maua matupu, mamia kwa mamia. Nimemwambia tukae kidogo.